Upande wa Pili wa Nyavu

Gari lilipoanza kupanda kona za kuelekea Ikondeni, Nakijwa alizima kiyoyozi na kushusha kioo. Hewa iliyoingia ilikuwa ya baridi, imebeba harufu ya majani mabichi na udongo uliolowa. Ilimpiga usoni akafumba macho. Tangu waiage nyumba ya binti yao kule Singida alikuwa akivuta vumbi tu, vumbi puani, vumbi kwenye chai, vumbi hata ndani ya soksi. Sasa alivuta pumzi moja ndefu akahisi mabega yake yakishuka yenyewe.

"Tumefika, Mama Nanzia," Sifuel, mumewe, alisema kwenye usukani, ingawa kona zilikuwa bado nyingi. "Mimi nikishaona ukungu huu najua nimefika."

"Asante Mungu."

Alilisema kwa moyo wote, na papo hapo akaona haya. Asubuhi ya siku iliyotangulia mwanamke mmoja asiyemjua alikuwa amempa maji ya kunywa. Maji yale yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na Nakijwa aliyanywa yote.

Ilikuwa tamaa ya Sifuel kurudi kwa njia ya zamani, ile inayokatiza nyikani nyuma ya milima ya Upare. Alipita huko utotoni juu ya lori la baba yake na alitaka kuiona tena. Lakini vumbi lilifunika paneli za jua za gari, betri ikaishiwa nguvu katikati ya korongo kavu, na maji waliyobeba yakaisha wakiwa bado wanabishana ni nani wa kulaumiwa. Ndipo walipowaona wanawake. Walikuwa wakichomoza mmoja mmoja kutoka ardhini, maana walikuwa wamechimba visima ndani ya mchanga wa korongo, virefu kiasi kwamba mchimbaji alizama mpaka utosini. Vibanda vyao na mbuzi wao vilikuwa humo humo korongoni, karibu na visima.

Aliyewakaribia alikuwa mama wa Kimaasai wa makamo, amejifunga shuka la zambarau, mikono imejaa mchanga mpaka kwenye viwiko. Aliitwa Nosotwa. Aliwatazama, akalitazama gari, akarudi kisimani na kuleta kopo limejaa.

"Kunyweni. Gari litapona. Lakini nyinyi mkianguka hapa nitawabeba na nini?"

Walikunywa. Kisha akauliza wanatoka wapi, na Sifuel, asiyejua kuficha kitu, akajibu: "Ikondeni."

Wanawake waliokuwa wakichota walisimama.

"Kule kwenye nyavu," Nosotwa alisema. "Kule mawingu yanakolala."

"Ndiyo, yeyo," Nakijwa alijibu, akimwita mama kwa Kimaasai. Alingoja kutukanwa. Hakutukanwa. Nosotwa alimtuma mtu kwenye kituo cha biashara kumwita kijana mmoja mwenye duka la kuchaji betri, Lemburis, naye akaja na pikipiki na betri ya akiba, akalifufua gari, akawapa namba yake ya simu wakikwama tena. Muda wote ule Nakijwa hakusema kwamba yeye ni mnasaji wa mawingu. Hakusema kwamba mikono yake miwili ndiyo iliyokuwa ikizikaza zile nyavu.

Sasa, kwenye kona ya mwisho, ukungu ulipasuka na nyavu zikaonekana. Zilining'inia juu ya mgongo wa mlima kutoka kilele mpaka kilele, nyaya nyembamba zilizobebwa na maputo ya kijivu, na chini yake mabomba yakiteremka kuelekea lambo. Watu wa Ikondeni walizizoea kama watu wa miji mingine walivyozoea nguzo za umeme. Nakijwa alizitazama kama mtu aliyeonyeshwa kwa mara ya kwanza.

"Baba Nanzia, simama kidogo."

Sifuel aliegesha. Kutoka pale waliweza kuona pande zote mbili. Mashariki kulikuwa na migomba, mashamba ya tangawizi, mabati yanayong'aa kwa maji. Magharibi mlima ulikatika ghafla, na chini yake nyika ikatandaa, rangi ya mkate uliokauka, mpaka macho yalipochoka.

Sifuel aliwasha gari tena.

*

Nyumbani kila kitu kilikuwa palepale. Jirani alikuwa amewalishia kuku. Nakijwa alioga, akakaa chini ya maji ya moto mpaka vidole vikakunjamana, akajisikia mtu tena. Alivaa gauni safi, akajimiminia chai, akaketi barazani. Mwili wake wote ulikuwa ukishangilia. Na jambo hilo ndilo lililomtisha: kwamba siku moja tu baada ya lile kopo aliweza kufurahi hivi.

Uani, Sifuel alikuwa akiosha gari kwa mpira. Matope mekundu yalitiririka kwenye nyasi na maji yaliendelea kumwagika hata alipoweka mpira chini kwenda kuchukua sabuni. Nakijwa aliinuka akafunga bomba.

"Sijamaliza," Sifuel alisema.

"Najua."

Alimtazama mkewe, akaelewa, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nimekuwa nikiwaza njia nzima," alisema. "Tuhame. Kaka ana nyumba Babati, haina mtu. Nanzia ameshaolewa, hapa tumebaki wawili. Siwezi kukaa hapa nikijua ninachojua."

"Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa nasikia. Kusikia si sawa na kunywa yale maji."

Nakijwa alikaa kwenye ngazi. Alizaliwa Ikondeni enzi zile mji ukiwa na kiu, mama yake akiteremka bondeni na ndoo kichwani kabla hakujapambazuka. Nyavu zilipofungwa alikuwa msichana, na alikumbuka jinsi mama yake alivyosimama mbele ya bomba la kwanza akilifungua na kulifunga, akilifungua na kulifunga, akicheka peke yake. Nani angethubutu kumwambia mama yule kwamba amekosea?

"Tukihama," alisema, "Jumatatu mtu mwingine atakaa kwenye kiti changu. Nyavu zitakazwa vilevile. Kitakachobadilika ni kwamba mimi na wewe hatutaziona."

"Angalau mikono yetu itakuwa safi."

"Na Nosotwa atapata nini kwa usafi wa mikono yetu?"

Sifuel alichukua kitambaa kikavu akaanza kulifuta gari lile lililokuwa nusu matope.

*

Chumba cha kuongozea nyavu kilijengwa kileleni kabisa, madirisha yake yakitazama pande zote. Nakijwa alipoingia kazini, Mhandisi Mrutu, msimamizi wake, alimkaribisha kwa bashasha.

"Karibu tena, mama! Umekuja na bahati. Hebu tazama hilo."

Kwenye skrini, wingu lilikuwa likija kutoka baharini. Halikuwa ukungu wa kila siku. Lilikuwa zito, jeusi chini, pana kuliko wilaya, na upepo wa kusi ulikuwa ukilisukuma moja kwa moja kuelekea mlimani.

Kazi ya mnasaji haikuwa ngumu kuieleza. Nyaya zilipopewa chaji, vitone vidogo vya wingu vilivutana, vikashikana, vikawa vikubwa na kuteremka kwenye mabomba. Chaji ikiongezwa, ndiko kukaza: wingu lilikamuliwa mpaka likabaki si kitu. Chaji ikipunguzwa, ndiko kulegeza: wingu lilipita juu ya mlima na maji yake. Tangu Nakijwa aajiriwe, nyavu hazikuwahi kulegezwa isipokuwa kwa matengenezo, na matengenezo yalifanywa wakati wa kiangazi.

"Lambo likoje?" aliuliza.

"Limejaa mpaka mdomoni."

"Kwa hiyo maji ya wingu hili yataenda wapi?"

"Kwenye mfereji wa kumwagia. Bondeni, halafu baharini." Mrutu alisema kama mtu anayetaja ratiba ya basi.

"Yatoke baharini, tuyakamue, tuyarudishe baharini."

Mrutu aligeuka. "Umerudi na maneno, mama."

"Nimerudi na kiu, Mhandisi." Akamsimulia. Gari, korongo, visima vya mchangani, lile kopo. Alimsimulia bila kupamba, na alipomaliza akasema alichokusudia kukisema tangu alipoamka. "Naomba tuliachie hili. Hatulihitaji. Lipite."

Alitarajia kugombezwa. Mrutu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Hao kina mama, umesema wanakaa wapi?"

"Korongoni. Ndani ya kor..."

Hakumaliza.

"Unaona," Mrutu alisema. "Mimi si mtu mbaya, Nakijwa. Nimewahi kuliwaza hili unaloliwaza. Lakini makorongo yale hayajapitisha maji miaka mingi. Watu wamehamia humo. Wingu kama hili likiangukia ile ardhi ngumu, maji hayazami, yanakimbilia korongoni yote kwa pamoja. Utakuwa umewapelekea mvua au umewapelekea msiba?"

"Kwa hiyo tutawanyima maisha yao yote, kwa sababu tumeshawazoesha kukosa?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini?"

Mrutu alitazama skrini, kisha dirishani, ambako upeo wa mashariki ulikuwa umeanza kuwa mweusi. "Una namba ya mtu yeyote huko?"

Alikuwa nayo. Alipiga, simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikakata. Mara ya tatu ikapokelewa, na nyuma ya sauti kulikuwa na redio na watu wakibishana.

"Lemburis! Ni mimi, yule mama wa gari lililokwama korongoni."

"Ah, mama! Betri imekusumbua tena?"

"Hapana. Sikiliza. Huenda mvua ikanyesha huko leo. Kubwa."

Lemburis alicheka. "Mama, usinitanie. Mbingu ni nyeupe kama sufuria."

"Haitoki kwenye mbingu yenu. Inatoka kwetu. Tunataka kulegeza nyavu." Ilibidi alimalizie sasa. "Mimi ndiye ninayezikaza, Lemburis. Ndiyo kazi yangu. Sikuwaambia."

Redio ilizimwa.

"Ni wewe," Lemburis alisema.

"Ni mimi."

"Na Nosotwa alikupa maji."

"Alinipa."

"Hilo tutalizungumza." Sauti ya funguo ikasikika. "Msifungue kitu. Naenda korongoni. Mtandao kule ni wa kubahatisha, nitapiga nikiupata. Msifungue kitu kabla sijapiga, mama, umenisikia?"

"Nimekusikia."

*

Wingu lilifika kabla ya simu. Kwanza mwanga ulibadilika chumbani, kisha maputo yakaanza kuyumba, kisha mabomba yakaanza ule mngurumo ambao Nakijwa aliusikia mpaka kwenye meno. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mkono juu ya rungu la chaji, ule wenzo wa kukazia na kulegezea.

"Hatuwezi kukaa nusunusu," Mrutu alionya. "Nyavu zikilegea kidogo chini ya wingu hili, radi itachoma maputo. Ni kukaza kabisa au kulegeza kabisa."

Hakuhitaji kuambiwa. Alisukuma rungu juu, mpaka mwisho. Alizikaza nyavu kwa mkono wake mwenyewe, akalikamua lile wingu alilokuwa ameliombea, na kupitia dirishani akaona mfereji wa kumwagia ukijaa povu jeupe. Maji safi yalikuwa yakikimbilia bondeni, mengi kuliko ambayo wale wanawake wangechota mpaka wazeeke. Kila alipotaka kuurudisha mkono aliviona vibanda vile na mbuzi wale, akauacha ulipokuwa.

Simu ilikuwa mezani. Haikulia.

"Limebaki nusu," Mrutu alisema.

Nakijwa alipiga. Namba haikupatikana.

"Nakijwa, sitakudanganya. Ukilegeza sasa hivi nitakuelewa. Nikiulizwa nitasema tuliamua wote wawili."

Alimtazama. Hapo awali angetoa chochote kuyasikia maneno hayo. "Hapana," alisema. "Ameniambia nisubiri. Sisi hatujawahi kuwasubiri hata siku moja. Leo tutasubiri."

Machozi yalimtoka bila sauti na hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa kwenye rungu na mwingine umeikumbatia simu. Mrutu alivuta kiti akaketi kando yake. Wote wawili walilitazama wingu likipungua, kama watu wanaomtazama ndugu akipanda basi.

Kisha simu ikalia.

"Lemburis?"

Haikuwa sauti ya Lemburis. Ilikuwa ya Nosotwa, akihema kama mtu aliyepanda mlima, na nyuma yake kulikuwa na mbuzi, mbuzi wengi, na mtoto akipiga kelele kwa furaha au kwa hasira.

"Wewe ndiye mwenye nyavu?"

"Ndiyo, yeyo. Ni mimi. Nisam..."

"Korongo ni tupu. Tumetoka wote, na mbuzi, na kuku, na yule bibi asiyetembea tumembeba. Tumekaa juu tunatazama. Mnasubiri nini?"

Nakijwa alivuta rungu chini.

Mngurumo wa mabomba ulififia, ukawa mluzi, ukanyamaza. Katika ukimya ule alisikia kitu ambacho hajawahi kukisikia ndani ya chumba kile: upepo ukipita katikati ya nyaya bila kuzuiwa. Wingu lilitambaa juu ya mgongo wa mlima, likasita kidogo pale ukingoni, kisha likateremka upande wa magharibi. Mrutu alikuwa ameshasimama dirishani, viganja kwenye kioo.

"Limepita," alisema. "Mama, limepita."

Hawakukata simu. Waliiweka mezani na kuiacha wazi, na kwa muda mrefu hakukuwa na kitu ila mbuzi na sauti za watu wakiulizana kwa Kimaasai. Halafu mtu mmoja akanyamaza, na mwingine, na wote. Halafu matone yakaanza kugonga turubai, moja, jingine, na ghafla yote, kwa kishindo kikubwa hata simu ikashindwa kukibeba na kuanza kukwaruza. Watu walikuwa wakipiga vigelegele. Nakijwa aliinamisha kichwa mezani.

Korongo lilishusha maji muda si mrefu baadaye. Nosotwa aliwasimulia kwa simu ileile jinsi lilivyokuja, limebeba magogo na mzoga wa fisi, likapita juu ya visima vyao na kuvifukia. Vibanda navyo vilikwenda. Hakuna mtu aliyeguswa.

"Visima vyetu vimekufa," alisema. "Tulichimba miezi. Lakini mabwawa ya zamani yamejaa, yale ya babu zetu. Sijawahi kuyaona na maji. Nilidhani ni hadithi tu."

"Pole kwa visima, yeyo. Na asante."

"Usinishukuru. Nina ugomvi na wewe." Sauti yake haikuwa ya mzaha. "Ulikunywa maji yangu ukakaa kimya."

"Ni kweli."

"Huyo kijana anasema kuna wakubwa wataulizwa kuhusu jambo la leo. Mtakaa kikao."

Nakijwa alimtazama Mrutu, naye akatikisa kichwa kukubali. Ilibidi baraza la mji lijulishwe siku ileile, na huenda wote wawili wakapoteza kazi.

"Tutakaa, yeyo. Wiki ijayo."

"Basi nami nitakuja. Itakuwa mara ya kwanza mnagawa mawingu na mimi niko chumbani. Nitafikia wapi?"

"Kwangu," Nakijwa alijibu. "Utafikia nyumbani kwangu."

Alipolisikia neno "nyumbani" likitoka kinywani mwake, alishangaa. Tangu kwenye ile kona ya mwisho alikuwa akiliogopa.

*

Jua lilikuwa bado juu alipofika nyumbani. Sifuel alikuwa sebuleni, maboksi matupu yamemzunguka, ameshaanza kufunga vitabu. Alisikiliza habari yote amesimama, kitabu mkononi. Habari ilipofika mahali pa mbuzi alicheka; ilipofika mahali pa bibi aliyebebwa akageuza uso.

"Wanaweza kukufukuza," alisema mwishoni.

"Wanaweza. Wakinifukuza tutalizungumza tena suala la Babati. Lakini kikao kitakuwa kimekaliwa, na yeye atakuwa ameingia."

"Anakuja peke yake?"

"Anakuja na kina mama wote wa korongoni. Amesema hawezi kuwaacha, hawana vibanda."

"Wote?"

"Wote, Baba Nanzia."

Sifuel aliitazama sebule yake, kabati, meza kubwa, makochi ya harusi ambayo hayakuwahi kusogezwa tangu yanunuliwe. Akaanza kuvitoa vitabu kwenye maboksi na kuvirundika dirishani. Kisha akaliendea kochi kubwa kuliko yote, akainama na kushika mguu wake.

"Basi usisimame tu," alimwambia mkewe. "Shika upande wa huko."

Nakijwa alivua viatu, akashika, wakaliinua pamoja.